Ngoma Niliyoiita Dido

Nikisema kwamba nimeingia retrete, yaani nimestaafu, watu wa mtaa wetu wa Katuba wanacheka mpaka wanashika ukuta. Miaka thelathini na nne, hakuna hata mvi moja, retrete ya wapi? Lakini ni kweli. Sikio langu la kushoto limemaliza kazi kabla yangu, na fundi wa sauti mwenye sikio moja ni kama mpishi asiyejua chumvi imezidi. Daktari aliniambia niache kaske za kuvaa masikioni, niache bafle za kukuza sauti, niache kukaa karibu na jenereta. Nikamuuliza, "Docteur, sasa ntabaki na nini?" Akajibu bila kuinua macho, "Na sikio la kuume."

Basi studio nimewaachia ninyi vijana, na ninyi mmeniomba niandike nilichojifunza, hasa habari ya programu za kompyuta zinazopiga ngoma, maana mnasema mimi, Tantine Béa wenu, najua ipi ya kutumia na ipi ya kutupa. Nitaandika. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa sekondari, kwa hiyo pale Kiswahili changu kinapoteleza, nishikeni mkono tuendelee.

Siku yangu ya kwanza sikuja kufanya kazi. Nilikuja kuimba. Kwaya yetu ilikuwa inarekodi kwa Vieux Sefu, mzee wa familia ya Kimaniema, Muislamu wa kufunga Ramadhani yote, ambaye alikuwa fundi wa redio kabla ya kufungua studio katika chumba cha nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amerekodi kwaya za Kikristo miaka mingi mpaka akajua nyimbo zetu kuliko sisi wenyewe. "Bamama ba alto," alikuwa anasema, "hapa munaharibu kila mwaka. Hata bamama zenu baliharibu palepale."

Katikati ya wimbo nikasimama. Nilisikia kitu kinalia. Wenzangu wakasema hakuna kitu, Béa anatafuta kukwepa tu. Vieux Sefu akaniambia nikitafute. Nikazunguka chumba chote nikifuata sikio, na kabatini nikakuta kijiko ndani ya glasi. Kila mara sauti nzito za wanaume ziliposhuka, kijiko kilikuwa kinatetemeka.

"Weye mutoto, unaimba mubaya," aliniambia mbele ya kwaya nzima, "lakini unasikia muzuri. Kesho ukuye. Lakini usiimbe."

Kesho yake nilienda, na nilikaa miaka kumi na tano.

Vyombo vyetu mlivijua vikiwa vizee. Mimi nilivikuta vikiwa vizee tayari. Kompyuta ilikuwa na feni inayopuliza kama mtu anayepepea mbabula ya makaa, kwa hiyo tuliiweka kwenye korido na kupitisha nyaya chini ya mlango. Mikro za kunasa sauti zilikuwa nne tu. Ndiyo maana tulirekodi ngoma kwanza, peke yake, na mikro zote nne. Kisha kwaya inavaa kaske na kuimba juu ya ngoma ile. Umeme ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Tuliishi kwa jenereta, tuliyoichimbia shimo nyuma ya ukuta na kuifunika mabati. Kiti changu kilikuwa upande wa ukuta ule. Vijana, angalieni kiti chenu kiko wapi.

Ukutani, juu ya kompyuta, Vieux Sefu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu ya kupaka milango: KOPI MBILI. Maana yake kila kilichorekodiwa kiwekwe mahali pawili. Nilisoma maneno yale kila siku. Nilifika hatua ya kutoyaona tena.

Batteur wa kwaya yetu, yaani mpiga ngoma, aliitwa Dido. Siku za kazi alikuwa kwenye fonderie, pale wanapoyeyusha mawe ya shaba. Jumamosi alikuwa kwetu. Nyusi zake zilikuwa zimeungua zikaota upya nusunusu, na uso wake ulionekana kama unashangaa hata akiwa amelala. Alikuja na mke wake, Mama Nadège, aliyekaa mlangoni na binti yao mdogo, Nadège, mapajani, akitingisha mabega polepole kila mguu wa Dido ulipogonga ngoma kubwa.

Na mguu ule ndio habari yenyewe. Resori ya pedali yake, ile springi ya kurudisha mguu, ilikatika zamani, akafunga mahali pake mpira wa ndani wa gurudumu la baisikeli. Mpira hauna haraka kama resori. Kwa hiyo ngoma yake ya mguu ilifika nyuma ya wakati, kidogo sana, kama mtu anayeingia kanisani sala imeshaanza na kukaa benchi la mwisho kimya. Asubuhi mpira ulikuwa mgumu, alichelewa kidogo. Mchana wa Oktoba mpira ulilegea kwa joto, akachelewa zaidi. Kwaya ilikuwa imezoea kuvuta pumzi katika ile nafasi ndogo bila kujua. Kama mngewauliza, wangesema Dido anapiga sawasawa kabisa.

Mimi nilisikia, na iliniudhi. Nilikuwa na ndoto kubwa wakati ule. Niliota wimbo uliotoka Katuba unapigwa kwenye arusi za matajiri kule Karavia, unavuka mpaka, na mtu wa mbali anauliza, nani alitengeneza sauti hii?

"Dido, nunua pedali ingine," nilikuwa namwambia.

"Juu ya nini? Hii mpira ilitoka ku baisikeli ya baba mukwe. Nikiitoa, bibi atanitoa na miye."

"Inakuchelewesha."

"Ntakimbia niende wapi? Wimbo si bus."

Mama Nadège akacheka mlangoni. "Mumuache, Béa. Hata ku ndoa alichelewa."

Kisha bei ya shaba ikaanguka, na mji ukageuka. Fonderie zikafungwa moja baada ya nyingine. Wenye baadhi yazo walikwenda zao ndani ya wiki moja, wakaacha taa zinawaka uani na watu getini wakingoja kuambiwa kitu. Ile ya Dido ilifungwa vilevile. Watu wa Katuba wakaanza kutawanyika: hawa Kasungami kulima, wale machimboni kuchimba mawe kwa mikono, wengine hatujui. Kukawa na uvumi wa watu wenye silaha, mara wako karibu, mara wamerudi porini, na kila uvumi ulibeba familia mbili tatu. Kwaya iliyokuwa na watu thelathini ilikuja studio na kumi na wawili, na haikuwa na batteur.

Dido naye aliamua kwenda machimboni. Kabla ya kwenda alikuja Jumamosi mbili, akapiga ngoma za nyimbo nane, kwaya iimbe juu yake baadaye. Alipomaliza alijifuta jasho na kuniambia, "Béa, muimalize hii kazi muzuri. Mama Nadège akuwe ananisikia mu nyumba. Ntarudia Pasaka." Tulimwekea kopi ya haraka kwenye kadi ya simu yake, akaondoka nayo mfukoni. Nami nilikuwa nimemuahidi. Niliahidi vizuri, kwa moyo wote, kama mtu anayeahidi kitu chepesi.

Sasa niwaambie habari ya programu, maana ndiyo mliyoiomba.

Vieux Sefu aliona kwamba mabatteur wanaisha. "Tutafute batteur asiyehama," alisema. Rafiki yake akaleta kutoka Afrika Kusini diski yenye programu tatu za ngoma, kila moja ya majaribio ya siku thelathini. Tulipaswa kuchagua moja. Kazi ya kuzihukumu alinipa mimi, nami nikafurahi kama mtu aliyepewa funguo za mji.

Ya kwanza ilikuwa safi mno. Kila pigo lilitoka limeoshwa na kupigwa pasi. Ukiisikia unataka kuvua viatu. Nilipoiweka chini ya kwaya, sauti za bamama zikaonekana chafu, na sauti za bamama hazikuwa chafu. Nikaiondoa.

Ya tatu ilikuwa na ngoma tamu ukipiga pigo moja moja. Lakini nilikuwa na jaribio langu, na jaribio hilo nawaachia: piga ngoma ile kali ya mkono mara kumi na sita mfululizo kwa nguvu ileile. Mkono wa mtu haurudii. Pigo la tano litakuwa na pumzi kidogo, la tisa litagusa ukingo. Programu yenye mapigo machache ndani yake itarudia lilelile, na utasikia bunduki. Ya tatu ilikuwa bunduki. Katika miaka ile hakuna aliyehitaji kusikia bunduki ndani ya cantique ya kanisa.

Jaribio jingine: toa sauti ya kaske, usihukumu hapo, kaske inabembeleza. Peleka wimbo kwa kinyozi. Sisi tulikuwa na kinyozi jirani mwenye bafle iliyopasuka, na kama ngoma ilisikika juu ya mashine yake ya kunyolea bila kuumiza meno, ilikuwa ngoma. Wateja wake walizoea. "Mademoiselle, tena leo?" walikuwa wananiuliza, nusu ya kichwa imenyolewa. Na sikilizeni chumba. Ngoma za programu zimepigwa katika kumbi kubwa za mbao ambazo hakuna mtu wa Katuba amewahi kuingia. Nyumba zetu ni saruji na mabati. Ukimweka mwimbaji wa saruji juu ya ngoma ya mbao bila kuwakaribisha wajuane, msikilizaji atahisi watu wawili wamekaa vyumba mbalimbali.

Ya pili ndiyo nilitaka. Kila ngoma ilikuwa na mapigo mengi ndani yake, laini mpaka kali, na kila nguvu ilikuwa na ndugu zake. Lakini kwa sababu ya mapigo hayo ilikuwa nzito ajabu. Ilidai zaidi ya nusu ya diski ya kompyuta yetu. Nafasi haikuwepo. Nilifuta matangazo ya zamani, nikafuta mazoezi na rekodi zote za miaka ya nyuma, haikutosha. Jenereta ilikuwa inakohoa, mafuta yanaisha, na siku za majaribio zilikuwa zinakwenda. Kilichobaki kikubwa kilikuwa ngoma za Dido, nyimbo nane, mikro nne kila wimbo.

Nataka mjue niliwaza nini, kwa sababu sikuwa na nia mbaya na hilo halinisaidii. Niliwaza: atarudi Pasaka. Atapiga upya, na safari hii nitamnunulia mimi mwenyewe pedali yenye resori, atapiga kwa wakati, na Mama Nadège atamsikia mume wake akiwa mzuri kuliko zamani. Nilitabasamu. Nikachagua faili zote, nikafuta. Mbele ya macho yangu, kwa rangi ya kupaka milango, iliandikwa KOPI MBILI, nami pale studio sikuwa nimeweka hata ya pili.

Wiki chache kabla ya Pasaka, ukuta wa shimo uliporomoka machimboni. Mwenzake Dido ndiye aliyeleta habari, akasimama kwenye ua wa Mama Nadège na helmeti mkononi, hakujua aiweke wapi. Dido alibaki chini ya udongo, na simu yake, na kadi ya simu.

Nilimwambia Vieux Sefu siku ileile nilichofanya. Alikuwa anafunga waya kwenye mkono, ule mzunguko wake wa kufunga waya bila kuuvunja, akaendelea mpaka mwisho wa waya.

"Yote?"

"Yote, Vieux."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Siku chache baadaye Mama Nadège alikuja na bamama wawili wa kwaya. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, amekonda shingo. Akakaa palepale mlangoni, Nadège mapajani.

"Béa," alisema, "siku ya kutoa matanga, kwaya itaimba. Tunaomba baimbe na ngoma yake. Alisema aliacha bimbo munane huku kwenu. Sitaki kitu ingine. Nataka nisikie mguu yake mara moja tu."

Hapo ndipo pa kusema kweli. Sentensi ilikuwa fupi. Lakini niliangalia uso ule, na mdomo wangu ukasema, "Ndiyo, mama. Iko."

Nilikaa na programu ya pili siku kumi na nne. Sijawahi kufanya kazi vile, kabla wala baada. Wakati ule nilikuwa bado namkumbuka Dido kama mtu anavyokumbuka ladha ya chai aliyokunywa asubuhi ileile. Nilishika kila pigo la mguu kwa souris, kipanya cha kompyuta, nikalivuta nyuma, moja moja, si kwa kipimo kimoja. Katika wimbo wa asubuhi kidogo, katika wimbo wa mchana zaidi. Nilikumbuka kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa mzembe kabla ya kiitikio, nikauzembesha. Pale niliposahau, nilijaza kwa nilichodhani. Niliongeza vipigo vidogo vya chini, vile vya kugusa tu, ambavyo Dido hakuwa anavipiga, kwa sababu vilikuwa vitamu na programu ilivijua vizuri. Niliondoa ule ukumbi wa mbao, nikarekodi mwangwi wa chumba chetu cha mabati nikaubandika juu. Nilihifadhi mpango wote kwenye kompyuta kwa jina moja: DIDO.

Vieux Sefu alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Akavua kofia, akaishika magotini.

"Umefanya kazi muzuri sana," alisema. "Na ubaya yake ndio hiyo. Umuambie mama leo. Kesho itakuwa ngumu, na wiki ijayo utashindwa."

"Ntamuambia, Vieux."

"Leo, Béa."

Sikumwambia siku ile, na wiki iliyofuata nikashindwa, kama alivyosema.

Siku ya kutoa matanga uwanja ulijaa, hata walioenda Kasungami walirudi. Kwaya ikasimama. Nikabonyeza. Mguu ukaingia, umechelewa kidogo, na kwaya ikavuta pumzi palepale ilipozoea. Nikaona mabega ya Mama Nadège. Yalisubiri, kisha yakatingishika. Akasimama kutoka kwenye mkeka wa wafiwa na kuinua mikono.

"Ndiye yeye! Bamama, ndio mguu yake! Ananichelewesha tena!"

Watu wakalia, wakacheka, wakacheza machozi yakitiririka. Mimi nililia nao. Na lazima niandike hili pia, maana nikiliacha nitakuwa nimewadanganya na ninyi: katikati ya kulia kwangu kulikuwa na furaha. Nilijisikia fundi. Jaribio langu la bunduki, jaribio la kinyozi, yote hayakufikia hili. Mke wa mtu amemtambua mume wake.

Akaomba kopi. Nikampa.

Baada ya siku ile kila kwaya iliyokuja ilisema, "Tunataka ngoma sawa ile ya ku kilio ya Dido." Tukachagua programu ya pili, bila shaka. Kwa miaka kumi na miwili nilifungua ule mpango, nikabadilisha mwendo, nikahamisha pigo hili na lile, nikaurudisha kwenye jina lake. Ndoto yangu ilitimia nusu: ukipita Katuba Jumapili, ukisikia ngoma inayochelewa kidogo, ni mkono wangu. Vieux Sefu alizeeka, akaenda kuishi kwa binti yake Kindu. Aliponikabidhi funguo aliniuliza neno moja tu: "Ulimuambia?" Nikaangalia funguo.

Haya yanayofuata naandika kwa ruhusa ya wenyewe. Nilipoacha kazi, Mama Nadège alinitumia ujumbe. Wanaishi Kasungami sasa, wanalima mahindi na maharagwe. Aliandika: "Kuya Jumapili. Mutoto anapiga ku kanisa. Kuya usikie mukono ya baba yake."

Nadège ana miaka kumi na mitano. Ni mrefu, na anakunja uso anapohesabu. Alikaa nyuma ya ngoma za kanisa, zenye pedali mpya ya resori, akapiga. Niligeuza kichwa nisikilize kwa sikio zima. Mguu ulifika nyuma kidogo. Mkono wa kushoto ukazembea kabla ya kiitikio. Na vile vipigo vidogo vya chini, vya kugusa tu, vile nilivyoviweka kwa sababu programu ilivijua vizuri, vilikuwepo vyote, kimoja kimoja, mahali pake. Wazee wa kanisa walitikisa vichwa kwa kuridhika. "Damu," mmoja akasema karibu yangu. "Damu haipotee."

Alikuwa amejifunza kwenye kopi niliyompa mama yake, tangu akiwa mdogo, kwa vijiko juu ya ndoo.

Baada ya kula, Mama Nadège alikuwa anaambua maharagwe kivulini mwa nyumba, mimi namsaidia. Nikasema. Nilianza na diski na nafasi na jenereta, kama fundi anayejificha nyuma ya vyombo, kisha nikaacha vyombo nikasema: niliifuta, na uliyosikia siku ile ilikuwa kompyuta, niliitengeneza mimi.

Vidole vyake viliendelea kuambua kwa muda, kisha vikaacha.

"Myaka yote ile?"

"Yote, mama."

"Nilikuwa ninalala nayo mu sikio. Unayua? Kaske mu sikio, usiku ya kwanza, ya pili, myaka mibili." Aliangalia maharagwe. "Juu ya nini unaniambia sasa?"

"Nilimsikia mutoto leo. Sikuweza tena."

"Ah. Weye haukuweza." Aliinuka, unga wa maganda ukadondoka kwenye kitambaa chake. "Ulibeba kitu yako, ikakushinda, ukanipa miye. Sasa tuko babili ba kuongopea mutoto. Apana, Béa. Miye sikukuomba hii." Akageukia nyumba. "Nadège! Kuya huku. Tantine iko na kitu ya kukuambia."

Nikaisema mara ya pili, kwa uso ule unaokunjamana ukihesabu. Mara ya pili haikuwa nyepesi. Nadège alisikiliza amesimama, vijiti vyake bado mkononi, kwa sababu huwa haviachi. Hakulia. Alikunja uso, kama mtu anayetaka kujua aanzie wapi kufungua mshono.

"Alors, Tantine," alisema, "Papa alikuwa anapiga namna gani?"

Swali jepesi. Studio, tukitaka kuonyeshana ngoma bila ngoma, tunaipiga kwa ulimi, mnajua wenyewe. Nikavuta pumzi. Tu, ka, tu-tu, ka. Nilipofika duru ya pili nikanyamaza, maana niliitambua. Ilikuwa ile ya kompyuta, na vipigo vyake vidogo. Nikaanza upya, polepole zaidi, nikimtafuta mtu mwenye nyusi zilizoungua amekaa kwenye chumba cha mabati. Ikatoka ileile. Nilikuwa nimeifungua na kuifunga miaka kumi na miwili juu ya ile ya Dido mwenyewe, na mimi ndiye niliyesifiwa kwa masikio.

Nikamwangalia Mama Nadège. Alikuwa ameinua kiganja chake. Akapiga paja, moja, mbili, akangoja kidogo, tatu. Akaacha. Akaangalia kiganja chake kama kitu alichookota njiani.

"Hata miye," alisema. "Inatoka ile ya kompyuta."

Nadège alibaki anatuangalia, mara mimi, mara mama yake, akingoja.